Mwanafunzi Aliyesema Waziwazi

Mtoto wako akirudi kutoka masomoni na homa, utafanya nini? Utamleta hospitali. Tutampima damu, na ikiwa ni malaria tutampa dawa. Hutaona haya, wala jirani hatakucheka. Lakini akirudi amenyamaza, hali, halali, analia peke yake, mara nyingi utamficha nyumbani. Kwa nini? Damu ni ya mwili wake, na akili nayo ni yake. Zote mbili zaweza kuugua.

1. Jambo nililoliona

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, alinijia baada ya ibada ya asubuhi. Akasema, "Munganga, usiku silali. Nikifungua daftari, maneno hayaingii. Nimechoka kuishi." Wagonjwa wengi walikuwa wakiningoja. Nikamjibu, "Jikaze, mwanangu. Omba zaidi, soma zaidi." Akaenda zake.

Majuma matatu yakapita. Usiku mmoja wenzake walimleta wamembeba. Alikuwa amemeza vidonge vingi. Tulifanya kazi mpaka alfajiri, naye akapona. Lakini mimi nilijua kwamba alibisha kwanza mlangoni pangu, nami sikumfungulia.

2. Ugonjwa huu ni nini?

Mtu akifiwa, au akishindwa mtihani, atahuzunika. Hiyo si ugonjwa. Lakini huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, na mtu hafurahii tena mambo aliyoyapenda, hana nguvu, usingizi umemtoka, na anajiona hafai kitu, basi ni ugonjwa. Nao unatibika.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila vijana 7 wenye miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa akili. Karibu nusu ya magonjwa haya huanza kabla ya miaka 18, yaani wakati wa masomo. Kwa hesabu hiyo, darasa lenye watoto 42 huenda lina 6 wanaoumwa. Je, mwalimu wao anawajua?

Sababu ni nyingi: urithi wa ukoo, kufiwa, vita na kukimbia kijiji, kutendwa vibaya, hofu ya kufukuzwa kwa ajili ya minervali, pombe na bangi. Si uvivu. Si kwamba vitabu vimemharibu kichwa. Wala si alama ya dhambi. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka hata akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, kisha akamsikiliza. Mimi nilianza kwa kukemea.

3. Ubaya wa kuficha

Wazee walisema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Kwa ajili ya haya mgonjwa huletwa akiwa amechelewa sana. Wengine hufungwa kamba, hupigwa, au hunyimwa chakula wakiambiwa ni kufunga na kuomba. Ndugu wa kanisa, ombeni, ni vema. Lakini kumfunga mgonjwa na kumlaza njaa ni kumwumiza. Maombi hayakatazi dawa, na dawa haikatazi maombi.

4. Haya hupunguaje?

Kijana yule alizungumza na munganga kila juma, akapewa na vidonge. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Mara nyingi mgonjwa hungoja majuma mawili hadi manne, au zaidi, kabla ya kuona nafuu, na hapaswi kuziacha kwa mawazo yake mwenyewe. Baada ya miezi alirudi masomoni.

Siku moja aliomba ruhusa kwa prefe, akasimama mbele ya wenzake. Akasema, "Mlisikia kwamba nilirogwa. Hapana. Niliumwa, nikatunzwa. Nikiwaona mnaumwa kama mimi, sitawacheka." Hakuna aliyecheka. Juma lile lile wanafunzi watatu walikuja mlangoni pangu. Safari hii nilifungua.

Mwaka 2022 wataalamu waliokusanywa na gazeti la waganga, The Lancet, walieleza neno hilo hilo: linalopunguza haya kuliko mengine ni watu kukutana na mtu aliyepata kuugua na kumsikia yeye mwenyewe. Lakini asilazimishwe. Kusema ni hiari yake, na siri aliyokupa si ya kutangazwa, hata katika maombi ya kusanyiko.

5. Wewe ufanye nini?

Kwanza, keti na mwenzako. Mwulize habari zake, kisha nyamaza usikilize.

Pili, usimwite mwenye wazimu. Mwite kwa jina lake.

Tatu, ukiogopa kwamba anataka kujiua, mwulize waziwazi. Swali hilo halimtii wazo la kufa, humfungulia mlango. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa vidonge, kamba, dawa ya panya na dawa ya shamba. Mlete kwetu siku ile ile, hata usiku.

Nne, usingoje azidiwe. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Wagonjwa walio wazito huweza kupelekwa kwa wataalamu, kama wale wa SOSAME kule Bukavu.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya kwa siri, usiku, huku ukijiuliza kama ni wewe: mwambie mtu mmoja kesho. Akikujibu vibaya, kama nilivyojibu mimi, usikate tamaa. Mwambie wa pili.

Maswali
1. Huzuni ya kawaida na ugonjwa hutofautianaje?
2. Eliya alipewa nini kabla ya kusikilizwa?
3. Katika nyumba yako, ni nani aliyenyamaza siku hizi?