Kusoma Makaburi ya Vita: Jina na Ukimya

Mwanafunzi wa fasihi anapozuru makaburi ya vita, yampasa kuyasoma kama matini. Katika makaburi ya kijeshi ya Taveta, mawe mengi ya wanajeshi wa Afrika Kusini waliouawa mwaka wa 1916 yana jina, cheo, kikosi na tarehe. Kila jiwe ni wasifu mfupi.

Mnara wa Askari jijini Nairobi, uliosimama tangu mwaka wa 1928, ni matini ya namna nyingine. Ulijengwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana na wapagazi waliowabebea mizigo. Maandishi yake, yaliyomo pia kwa Kiswahili, yanaahidi kwamba jina la aifiaye nchi litakumbukwa na wanawe. Hata hivyo, hakuna jina hata moja lililochongwa hapo! Kinaya hiki si cha kubuni. Mwaka wa 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wapagazi, ambao maradhi yaliwaua kuliko risasi, walisalia katika msamiati. Kikosi chao, Carrier Corps, kilitoholewa kuwa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Hilo ni jina la kundi, si la mtu. Majina ya watu binafsi hayana budi kutafutwa katika masimulizi ya koo, hasa Ukambani na Nyanza, walikotolewa wapagazi wengi.