Wasiwasi, Bangi na Kopo la Maji: Mafunzo Niliyopata Lamu

1. Dhiki hulisha wasiwasi

Lamu kila mtu anamjua mwenye wasiwasi wa udhu. Imamu ameshatoa salamu, yeye bado yuko birikani anasugua kiwiko. Nilikuwa mmoja wao. Vile visamaki vinavyofugwa birikani ili vile viluwiluwi vya mbu vilinizoea hata havikuikimbia tena kata yangu.

Nilikuwa na wasiwasi huo tangu utotoni, lakini ulipanda baada ya mashambulizi ya mji wa Mpeketoni, huku Lamu bara, Juni 2014, serikali ilipoweka kafyu na kupiga marufuku uvuvi wa usiku. Mvuvi wa usiku aliyefungiwa nyumbani, na deni la nyavu halijalipwa, ana saa nyingi mno za kujikagua. Nia ilikuwa sawa? Maji yamefika kisiginoni?

2. Bangi hulegeza mwili, swali hubaki

Vijana wa gatini waliniambia nivute kidogo nitapata usingizi, na kweli nilipata. Mabega yalishuka, moyo ukaacha kwenda mbio. Kulipokucha swali la jana lilikuwa palepale, tena limezaa jingine: ulevi hutengua udhu, je, akili imenirudia kamili au bado? Basi nikaoga, nikarudia. Maji niliyotumia msimu ule, punda wawili wasingeyabeba.

3. Utafiti uliopo ni mdogo, na hauendi upande mmoja

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha jaribio la watu wazima 14 wenye maradhi haya ya wasiwasi wa kurudiarudia. Kwa zamu walivuta bangi yenye THC nyingi (kiini kinacholevya), yenye CBD nyingi (kiini kisicholevya), na ya bandia isiyo na nguvu. Kwa maradhi yenyewe, bangi halisi haikuishinda ile ya bandia. Na wahka wao ulipungua zaidi walipovuta ya bandia. Kwa upande mwingine, watafiti wa Washington State University walikusanya kumbukumbu za watu 87 waliojiandikia hali zao kwenye programu ya simu, na hao walisema msukumo wa kurudia vitendo ulipungua kwa asilimia 60 wakishavuta. Lakini hapakuwa na wa kulinganisha nao, na kadiri walivyozidi kuitumia, nafuu ya mawazo yanayowavamia ilizidi kuwa ndogo. Mimi naliamini zaidi lile la watu 14, pamoja na uchache wao.

4. Sheikh na daktari walinipa dawa moja

Hili ndilo lililonifaa. Sheikh niliyemwendea hakunisomea kitu. Alichukua kopo, akalijaza, akasema: udhu wako ni huu, yakiisha umemaliza. Mtume alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi kuosha ni mara tatu, kuzidisha ni makuruhu. Na kanuni ya fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ukishatawadha, shaka isikurudishe birikani.

Daktari wa akili huko Mombasa, ambaye sidhani amewahi kukaa darsani, aliniagiza jambo lilelile kwa lugha ya hospitali: jiweke mbele ya kinachokutia hofu, kisha usifanye kile kitendo cha kujiondolea hofu. Victor Meyer aliwajaribia wagonjwa njia hii Uingereza katika miaka ya 1960. Karne nyingi kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuyaeleza maradhi ya fikra zinazong'ang'ania.

Wiki za kwanza ni mateso, sitaki kumdanganya mtu. Unaswali huku mguu mzima unakuwasha kwa shaka. Ila hofu ikiachwa bila kulishwa huchoka yenyewe, nami sikuwa nimewahi kuipa nafasi ya kuchoka. Kila nilipoosha nilipata nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonifunza kuosha tena. Bangi nayo ilikuwa nafuu ya aina hiyohiyo: birika la pili, lenye moshi.

5. Siasa si cheti cha daktari

Tangu Profesa George Wajackoyah alipoinadi bangi katika uchaguzi wa urais wa 2022, wapo barazani wanaodhani imeshahalalishwa. Alipata chini ya asilimia 1 ya kura, na sheria ya dawa za kulevya ya 1994 bado inamfunga anayekutwa nayo. Tena kusokota ya gatini si kupimiwa dozi: hujui ndani mna THC kiasi gani, na ikiwa nyingi huweza kumzidishia hofu mwenye hofu.

6. Vidonge vinataka subira na mpango

Nilipewa fluoksetini. Kwa maradhi haya huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha kazi yake, na mara nyingi dozi hupandishwa kuliko ile ya sonona, kwa hiyo usiache wiki ya tatu ukasema haifai. Kwa sisi wa visiwani liko na la safari: kutoka Mokowe hadi Mombasa ni basi la kutwa, na mafuriko ya Mto Tana yakipanda barabara hukatika. Mwombe daktari akuandikie dawa za kutosha kabla mvua hazijaanza.