Mvua ya Usiku na Bakuli la Uji

Swali: Tangu maporomoko ya Hanang, mvua ikinyesha usiku moyo hunienda mbio. Ni kweli mlo wa Ayurveda hutuliza wasiwasi? – Msomaji, Gitting

Jibu: Matope yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yaliua watu zaidi ya 80, Katesh na vijiji jirani. Mwili wa aliyeyashuhudia haushangazi ukishtuka kila mvua inapopiga bati: ubongo huamuru adrenalini imwagwe, moyo hukimbia, tumbo hukaza. Huo si udhaifu hata kidogo.

Ayurveda, tiba ya kale ya India, huufananisha wasiwasi na upepo, vata: mkavu, baridi, usiotulia. Dawa yake huanzia jikoni. Chakula kiwe cha moto, kilichopikwa siku hiyo, chenye mafuta kidogo, na kiliwe kwa saa zilezile. Mlo mkubwa huwa mchana, wa usiku mwepesi. Wahindi hupika kichri, mchele na choroko pamoja. Huko Gitting, uji wa ulezi wenye kijiko cha samli unatosha kabisa.

Sayansi inaafiki sehemu ya mafundisho haya. Njaa ndefu huamsha adrenalini ileile, na kahawa au chai nzito ya jioni hufukuza usingizi. Vidonge vya Ayurveda ni jambo jingine: baadhi vimekutwa na madini ya risasi na zebaki. Msomaji aviache.

Hofu ikizidi mwezi, au ikimzuia kulala na kufanya kazi, aende hospitali ya wilaya, Katesh, aeleze yote, pamoja na mvua.