Tanuri jipya la kuni: moto mdogo kwanza

Umemaliza kujenga tanuri lako la udongo na matofali, na majirani wameanza kuuliza mkate uko wapi. Waombe wavumilie. Hata likionekana kavu kwa nje, kuta zake bado zina maji mengi. Ukiwasha moto mkali leo, maji yatageuka mvuke ghafla, na kuba, yaani paa la mviringo, litapasuka.

Je, usubiri hadi lini? Kama kuta zina unene wa kiganja, liache wiki mbili au tatu bila moto, mlango ukiwa wazi. Lijengee kibanda cha mabati mapema, hasa kama umejenga karibu na mvua za Machi hadi Mei au zile za Oktoba hadi Desemba. Usilifunike kwa turubai linalogusa udongo, kwa maana unyevu utakosa pa kutokea.

Baada ya hapo ndipo moto uanze. Siku mbili za kwanza tumia vijiti visivyozidi unene wa kidole, karibu na mlango, kwa saa mbili hivi. Weka kiganja juu ya kuba: ukiweza kukiacha hapo bila kuumia, joto linatosha. Siku ya tatu na ya nne sogeza moto ndani, ongeza kuni kidogo, uuchochee saa tatu au nne. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuongeza kuni haraka. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Homa Bay, kando ya ziwa hilo, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi, mapema kuliko Mombasa iliyo pwani, na mvuke huwahi kutoka. Ukiona mvuke ukifuka nje ya kuba, usiongeze kuni. Shikilia moto ule ule mpaka mvuke upungue. Siku ya tano unaweza kuongeza, na ya sita zaidi.

Utajuaje kwamba limekauka? Asubuhi, tanuri likiwa vuguvugu, toa makaa na majivu yote, kisha ziba mlango kwa mfuniko baridi wa sufuria kwa dakika chache. Mfuniko ukitoka na matone, rudia moto mdogo siku moja au mbili zaidi.

Nyufa nyembamba kama uzi hazina neno. Kwa ufa unaotosha kuingia kidole, subiri tanuri lipoe, uulowanishe, uujaze mchanganyiko ule ule uliojengea, wa udongo wa kichuguu na mchanga. Usitumie saruji, kwani haihimili moto wa tanuri. Na kama fundi anataka kutandika sakafu kwa mawe ya mtoni, ya Kuja au ya Migori, mkatalie: mawe yaliyonyonya maji hupasuka kwa joto na vipande vyake huruka. Matofali ya kuchoma ni salama zaidi.

Gharama ya kazi hii ni kuni tu. Mzigo mmoja wa vijiti na miwili ya kuni nene kwa kawaida inatosha. Kipimajoto si lazima. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa. Mbao zenye rangi, vipande vya nguzo zilizotiwa dawa na plastiki visiingie kabisa, wala mnyaa wa ua, ule Waluo wanaouita ojuok, kwa sababu utomvu na moshi wake ni sumu kwa macho. Washa nje au penye hewa nyingi, na watoto wakae mbali.

Siku ya kuoka, choma kuni hadi masizi meusi ndani ya kuba yaungue na udongo uonekane tena. Ondoa makaa, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, funga mlango robo saa joto lisambae. Nyunyiza unga kiasi cha kijiko sakafuni. Ukiwa mweusi mara moja, acha mlango wazi kidogo. Ukigeuka hudhurungi polepole, ingiza mkate.