Kiwewe Kina Tiba: Fahamu Tiba ya Simulizi

Kwa wengi wetu, tarehe 1 Januari ni siku ya sherehe. Kwa baadhi ya majirani zetu hapa Uasin Gishu ni siku ya kujifungia ndani. Siku hiyo mwaka 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia humo kutafuta usalama. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Majeraha ya mwili yalifungwa bandeji. Ya moyoni, wengi waliambiwa wayasahau.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini kumbukumbu ya aina hii haisahauliki kwa amri. Mwenye kiwewe halikumbuki tukio kama jambo lililopita, analiishi upya. Gurudumu la lori likipasuka barabarani, anajitupa chini. Moshi wa jikoni kwa jirani unamtetemesha. Hukwepa njia fulani, hukasirika upesi, au hutafuta usingizi kwenye chupa. Hali hiyo huwapata pia walionusurika ajali, ubakaji au kipigo cha nyumbani. Ikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au familia, mwone mhudumu wa afya. Huo si wazimu, wala si upungufu wa imani.

Mojawapo ya tiba zilizopo ni tiba ya simulizi. Mshauri hutandaza kamba sakafuni. Kamba hiyo ni maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka maua penye mambo mema na mawe penye maumivu. Kisha, kikao baada ya kikao, mnalirudia kila jiwe polepole: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulihisi nini, na sasa ukiwa umeketi hapa unahisi nini. Mshauri hakuachi katikati ya hofu. Anakaa nawe hadi utulie. Taratibu tukio linapata tarehe, mahali na mwisho wake. Huzuni huenda isiishe yote, ila mwili unaanza kuamini kwamba hatari imepita.

Njia hii ilijaribiwa jirani zetu Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu kubwa. La kutia moyo zaidi, washauri wenyewe walikuwa wakimbizi waliopewa mafunzo, si madaktari.

Hadhari moja: usimlazimishe mtu kusimulia, iwe matangani au barazani. Na anayeishi bado na anayemdhulumu anahitaji usalama kwanza, simulizi baadaye.

Hapa mjini, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi inatoa huduma za afya ya akili. Si lazima uanzie huko. Ongea na mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, akuelekeze. Kwa dhuluma za kijinsia, piga 1195 bila malipo. Unaweza kwenda na mtu unayemwamini, akungoje nje: yanayosemwa chumbani ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.