Nani Atamfunza Mlezi?

Mjini Wete, na katika vijiji vya mikarafuu vinavyouzunguka, kama kote Pemba, desturi ya zamani ilimtaka msichana aliyevunja ungo akabidhiwe kwa somo. Mama huyo, ambaye kwa kawaida hakuwa mzazi wake, alimfunza usafi, adabu, na namna ya kukaa na mume. Binti akija kuzaa, wanawake wa ukoo walimzunguka siku arobaini: huyu apika, huyu amkanda, huyu ampokea mtoto ili mama apate usingizi. Hakuna aliyeliita jambo hilo elimu ya malezi, lakini ndivyo hasa lilivyokuwa. Wanaodhani kwamba kuwafunza wazazi ni kitu kilicholetwa na wageni hawajaitazama vema nyumba yao wenyewe.

Yafaa tuseme pia palipopungua. Arobaini ikiisha, wasaidizi hurudi makwao na mafunzo hukoma. Mtoto wa miaka miwili aliyejaa ukaidi, kijana wa miaka kumi na minne anayerudi usiku, mtoto asiyesema ilhali wenzake wanasema: juu ya hao mama huachiwa akili yake peke yake. Pengine baba yuko dago na wavuvi wenzake, au amevuka kwenda Unguja, Tanga au Dar es Salaam kutafuta riziki. Wakati wa kuchuma karafuu hata aliyeko nyumbani ni kama hayupo. Basi mara nyingi anayelea ni bibi, au shangazi, au dada mkubwa ambaye mwenyewe bado ni mtoto. Na mzigo ukimzidi mtu, mkono wake huwa mwepesi wa kupiga. Twasikia wengi wakijitetea kwa methali, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo yaonya juu ya kumdekeza mtoto, fimbo haikuitaja.

Pwani yetu inao mfano wa kutazamwa. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan awasaidie katika elimu ya watoto wao. Kutokana na ombi hilo ulizaliwa mpango wa shule za watoto wadogo ujulikanao kwa jina la Madrasa, na mwalimu Bi Swafiya Said akawa mtangulizi wake. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Sisi tunachokisifu si majengo. Kijiji kilitakiwa kwanza kikubaliane chenyewe, kitoe mahali, kichague kamati yenye wanawake ndani yake, na kuwateua wanawake wa palepale wapelekwe kufunzwa ualimu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbegu na vizibo vya chupa. Mama aliyemwona mwanawe akijifunza kuhesabu kwa vifuu hakuhitaji fedha ili afanye vilevile jikoni kwake. Tena mwalimu alikuwa binti wa jirani, aliyeweza kuulizwa neno hata kisimani bila haya.

Elimu hii, hata hivyo, si ya adabu na michezo tu. Huko Kengeja, kusini mwa kisiwa hicho hicho, wataalamu waliwachunguza watoto 614 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea mno. Waliopewa dawa ya madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja waliendelea katika kusema kuliko wenzao wasiopewa. Ni watoto wangapi wameitwa wajinga, au wamesemwa kuwa wamerogwa, kumbe damu yao ni haba? Lakini mtu asikimbilie dukani kununua dawa. Uchunguzi mwingine wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kuwapa chuma watoto wadogo wote bila kupimwa, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza maradhi mazito na vifo. Mtoto apelekwe kituo cha afya apimwe kwanza. Ndiyo maana majirani wakikutana kufunzana malezi yafaa awepo kati yao mtu mwenye ujuzi, asije mmoja akawapoteza wote kwa nia njema.

Familia zetu za Kikatoliki hazina haja ya kuanza na chombo kipya. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo mwaka 1976, hukutana nyumba kwa nyumba, na kila mtu ajua nani anamlea nani. Mara moja kwa mwezi, baada ya sala, mkunga au mwalimu aweza kualikwa aeleze jambo moja tu, kisha waulizwe wanaolea: ni lipi limewashinda wiki hii? Akina baba nao wawepo, wala wasikae nje wakizungumza habari za mpira. Asemaye kwamba mjukuu amemshinda asikemewe; jirani mmoja ajitolee kumchukua mtoto huyo jioni mbili tatu, bibi apate kupumzika. Na kabla ya kupanga saa ya mkutano, bibi aulizwe kwanza, maana yeye ndiye asiyeweza kuondoka nyumbani.