RANGI YA MAZIWA KWA VITI NA MAKABATI YA ZAMANI

Somo la mwezi huu ni juu ya vyombo vya nyumbani tulivyovinunua vikiwa vimekwisha kutumiwa na wengine. Katika skimu nyingi vyombo vya namna hii ni vingi. Mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kugawanywa, tangu 1962, viti, meza na makabati yao yaliuzwa pia, na mengine yanapita mkono hata mkono mpaka leo. Mbao zake bado ni imara. Kilichochakaa ni rangi tu, na kila mtu hutamani kuipaka upya bila ya kutumia fedha nyingi.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si seremala. Lakini nilisoma kwamba zamani watu wa Ulaya na Marekani walipaka vyombo vyao rangi ya maziwa na chokaa, nikaona kuwa mfugaji hakosi maziwa na chokaa si ghali. Nikajaribu juu ya vitu viwili: kigoda cha jikoni ambacho hakijapata kupakwa rangi, na kabati la kijani nililolinunua mnadani. Kigoda ni kizuri hata leo. Kabati lilipendeza kwa majuma mawili, kisha rangi ikaanza kubanduka kama ganda la yai. Mama watoto alicheka sana.

Kwanza nieleze jinsi ya kuitengeneza. Chukua lita moja ya maziwa yaliyolala usiku mmoja, uondoe malai yote ya juu, kwa maana mafuta huharibu rangi hii. Pima chokaa iliyozimwa gramu 30 hivi, yaani vijiko vikubwa vinne vilivyosawazishwa. Hapa uangalie sana. Labda unayo stoo gunia la chokaa ya shamba, ile ya kupunguza uchachu wa udongo. Hiyo haifai, ni jiwe lililosagwa tu, haishikani na maziwa. Nunua chokaa iliyozimwa, inayouzwa kwa kupaka kuta.

Tia chokaa katika ndoo ya plastiki. Usitumie sufuria, kwa sababu chokaa hula aluminiamu. Mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito, kisha tia yaliyobaki na uchuje kwa kitambaa. Ukitaka rangi nyekundu au ya manjano, ongeza ile rangi ya unga ambayo mafundi hutia katika saruji ya sakafu. Jihadhari isikurukie machoni, maana chokaa huunguza. Rangi hii haikai. Itumie siku ile ile. Loanisha ubao kidogo, paka nyembamba, ngoja ikauke kwa saa kadhaa, kisha paka mara ya pili.

Sasa, kwa nini kigoda kilikubali na kabati likakataa? Maziwa na chokaa huwa gundi, na gundi hiyo huingia katika vitundu vidogo vya ubao na kukaukia humo. Kabati langu lilikuwa na rangi ya mafuta, ngumu, inayong'aa, isiyo na kitundu hata kimoja. Kwa hiyo kabla ya kupaka, dondosha tone la maji juu ya chombo chako. Likinywewa, rangi ya maziwa itashika. Likikaa juu kama umande juu ya jani la nduma, usipoteze maziwa yako.

Nilipoona hivyo nikanunua msasa, nikakusudia kuikwangua rangi ya kijani yote, pale barazani ambapo watoto hucheza. Nashukuru kwamba niliuliza kwanza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ile ile iliyo ndani ya betri ya gari. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi, lakini kabati la kale halijui kiwango hicho. Kwa macho huwezi kutambua. Ukisugua rangi kavu, vumbi lake huanguka sakafuni, mtoto hutambaa juu yake na kutia vidole kinywani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, naye haonyeshi dalili mapema. Utaona tu kwamba hafahamu masomo kama wenzake. Mama mwenye mimba naye asikaribie kazi hiyo.

Basi kama rangi ya zamani imeshika vizuri, iache. Ioshe kwa maji na sabuni, isugue kidogo kwa msasa wa maji huku ikiwa imelowa, nje ya nyumba, ili vumbi lisiruke. Ipanguse kwa kitambaa, iache ikauke, kisha paka juu yake rangi ya mafuta ya dukani. Ndivyo nilivyofanya kabati langu, na rangi ya maziwa nimeiweka kwa mbao tupu. Rangi inayobanduka yenyewe isikwanguliwe kavu, wala isichomwe kwa moto, kwa kuwa moshi wake una sumu vile vile. Kitanda cha mtoto chenye rangi kama hiyo usikitumie kabisa. Watoto hung'ata kingo.

Jambo moja zaidi, nalo ni la zizini. Wengi wetu mlango wa kabati ukivunjika tunaugongomea kwenye banda la ndama. Ndama hupenda kulamba, na risasi humwua upesi kuliko mtu. Ukimwona ndama anasaga meno, anatetemeka, anagonga ukuta kama kipofu, mwite daktari wa mifugo mara moja na umwonyeshe mbao zilizomo bandani. Mbao zilizopakwa rangi zamani zing'oeni leo.